Kidhibiti chaji kinachokata saa sita mchana: kisa cha matundu ya bodi kutoka Lamu

Mashua ni ya kuvulia usiku. Juu ya chandalua ina paneli tatu za wati 100 zilizounganishwa sambamba, chini ina betri moja ya voti 12, ampea-saa 100. Kati yake kuna kidhibiti chaji cha ampea 20, aina ya PWM (kinachopunguza chaji kwa kukata na kuwasha umeme haraka haraka), kimefungwa tezini ndani ya kisanduku cha plaiwudi. Malalamiko ya nahodha yalikuwa mafupi: "Asubuhi chajaza vizuri. Jua likipanda chasema betri imejaa. Usiku hata saa sita haifiki, taa zazima."

Kosa la kwanza lilikuwa limeshafanyika kabla kifaa hakijafika mezani, nalo ni kubadilisha betri. Betri mpya ilikuwa na miezi miwili, dalili ni zile zile. Kidhibiti kinapodai betri imejaa na betri yenyewe inakana, swali la kuuliza ni moja: kidhibiti kinapima voti wapi? Hakipimi kwenye nguzo za betri. Kinapima kwenye shaba ya bodi yake, nyuma ya teminali. Chochote kinachozuia umeme kati ya shaba hiyo na betri huongeza voti ambazo kidhibiti kinaziona, na kadiri ampea zinavyopanda ndivyo uongo unavyokua. Asubuhi paneli zinatoa ampea tatu au nne, uongo ni mdogo. Saa sita, paneli tatu zikitoa takriban ampea 5.5 kila moja, uongo unatosha kufunga chaji.

Vipimo vya saa tano na nusu, mashua ikiwa imetia nanga: mita ya kubana ilisoma ampea 12, skrini ya kidhibiti voti 14.4, nguzo za betri voti 13.7. Pengo la voti 0.7. Waya wa betri ulikuwa wa milimita mraba 4, urefu wa mita 3 kwenda na kurudi. Waya kama huo una ukinzani wa karibu miliomu 13, kwa hiyo kwa ampea 12 unakula voti 0.15 hivi. Voti 0.55 zilizobaki zilikuwa zinaliwa ndani ya kifaa. Zidisha kwa ampea 12: wati 6.6, zote katika eneo lisilozidi ukucha wa kidole gumba. Kisanduku kilipofunguliwa halikuhitajika darubini. Bodi kuzunguka teminali ya chanya ya betri ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa, na katikati nyeusi.

Upande wa chini, hata hivyo, risasi ya kulehemia ilikuwa inang'aa. Miguu miwili ya teminali imelehemiwa vizuri, vilima viwili vya kupendeza. Hapo ndipo fundi wa kwanza, yule aliyewahi kubadilisha teminali hiyo, alipodanganyika, na hapo ndipo inapobidi kueleza tundu la bodi ni kitu gani.

Bodi hii ina tabaka mbili za shaba, moja juu na moja chini, na katikati kuna FR-4, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya epoksi, unene milimita 1.6. Ukitoboa FR-4 kwa keekee unapata tundu ambalo kuta zake hazipitishi umeme hata kidogo. Kiwandani, baada ya kutoboa, kuta hizo hupakwa shaba nyembamba sana kwa dawa, kisha bodi nzima huchovywa kwenye beseni la umeme hadi shaba ya ukutani ifike mikromita 20 hivi. Kiwango cha IPC-6012, cha ubora wa bodi, kinadai wastani wa mikromita 20 kwa vifaa vya kawaida na 25 kwa vile visivyotakiwa kufeli. Matokeo ni mrija mwembamba wa shaba uliosimama ndani ya tundu, ukishikana juu na pete ya shaba na chini na pete nyingine. Mrija huo ndio unaounganisha tabaka mbili. Mguu wa kifaa na risasi ni wageni tu ndani yake.

Katika bodi ya kisa hiki, chanya ya paneli inakuja kwa njia pana ya shaba upande wa juu. Risasi ya teminali ya betri iko chini. Na juu, pale miguu inapozama, pete haikuonekana, kwa kuwa mwili wa plastiki wa teminali unaifunika. Teminali iliponyanyuliwa siri ikatoka: pete zote mbili za juu hazipo. Kwenye moja ya miguu ya teminali kulikuwa na kitu kama kigwe cha shaba kimeng'ang'ania, chembamba kuliko karatasi ya sigara. Yalikuwa mabaki ya mrija wenyewe. Teminali ya zamani ilipong'olewa kwa kuvutwa risasi ikiwa haijayeyuka yote, iling'oka na sehemu kubwa ya mirija, na teminali mpya ikalehemiwa kwenye pete za chini peke yake.

Sasa kwa nini kifaa kiliendelea kufanya kazi kwa miezi kadhaa? Kwa sababu mchora bodi alikuwa ameweka msaada. Kando ya teminali kuna matundu manane madogo ya milimita 0.4 yasiyo na mguu wa kifaa chochote ndani. Kwenye michoro huandikwa via, hapa tutayaita vivuko, maana kazi yake ni hiyo: kuvusha umeme kutoka tabaka moja hadi nyingine. Mirija miwili ya teminali ilipong'oka, mzigo wote ulihamia kwenye vivuko vinane.

Kwa hesabu, vivuko vinane vilitosha. Mrija wa milimita 0.4 wenye ukuta wa mikromita 20 una shaba ya milimita mraba 0.026 hivi, na ukinzani wake kwa unene wa bodi hii ni karibu miliomu 1. Vinane sambamba ni miliomu 0.13. Kwa ampea 16 kila kimoja kinabeba ampea 2, si raha lakini si balaa. Kilichoviua ni joto, na joto baya kuliko yote lilikuwa la siku ile ya kung'oa teminali.

FR-4 inapopata moto hutanuka zaidi kwa unene kuliko kwa upana, kwa kuwa upana umefungwa na nyuzi za kioo. Chini ya nyuzi 130 au 140 za Selsiasi unene wake huongezeka kwa sehemu 50 hadi 70 katika milioni kwa kila nyuzi moja. Shaba ni 17. Juu ya hapo epoksi hulegea, na kutanuka huruka hadi sehemu 250 au 300. Bodi iliyobanwa na chuma cha kulehemu hadi nyuzi 260 hutaka kunenepa kwa zaidi ya mikromita 50, huku mrija wa shaba ukiwa umeshikilia juu na chini kama kamba ya nanga iliyo fupi. Shaba nzuri huvumilia mara kadhaa. Shaba nyembamba hupasuka katikati ya mrija, ufa wa duara usioonekana kwa macho. Baada ya hapo jua la kila siku humalizia kazi: asubuhi bodi imepoa, kingo za ufa zinagusana. Saa sita bodi imenenepa, kingo zinaachana. Kivuko kimoja kikiachia, wenzake saba hubeba zaidi, hupata moto zaidi, na wa pili hufuata. Hii ndiyo sababu tatizo lilianza dogo likawa kubwa bila kitu chochote kipya kuharibika.

Kuthibitisha

Mita ya kawaida ikiwekwa kwenye omu haitasaidia. Waya zake zenyewe zina omu 0.2 hadi 0.5, na sisi tunatafuta elfu moja ya omu. Italia mlio wa "zimeungana" na itakuwa inasema kweli, ila ukweli usio na faida.

Njia ni kupitisha ampea nyingi na kupima milivoti. Usipokuwa na mashine ya kutoa umeme unaodhibitiwa, betri ya gari na balbu mbili za taa kubwa za voti 12, wati 55, zikiwa sambamba, zitavuta karibu ampea 9. Umeme uingie kwenye teminali ya chanya ya paneli, utokee kwenye pete ya chini ya betri. Ncha za mita, kwenye kipimo cha milivoti 200, ziguse shaba ya juu na shaba ya chini, moja kwa moja, si kwenye vibanio vinavyoleta umeme. Ukigusa kwenye vibanio utapima vibanio.

Vivuko vizima vinane vingetoa milivoti 1.2 hivi. Bodi hii ikiwa baridi ilitoa milivoti 31. Ilipopulizwa hewa ya moto kwa upole mpaka nyuzi 80, namba ilipanda kupita milivoti 200, mita ikahitaji kipimo kikubwa zaidi, na kuanza kucheza, mara juu mara chini. Kucheza huko ndiko dalili ya ufa. Ukinzani wa waya mwembamba au wa kutu hupanda na kutulia.

Kivuko kimoja kimoja hakipimiki hapa, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kupoteza adhuhuri nzima. Vyote vimeungana juu na vimeungana chini, hivyo kila unapogusa unapima vyote vinane pamoja. Ili kukitenga kimoja ni lazima ukate pete yake, na ukishaikata umekiua. Viwe vizima au vibovu, vinatengenezwa vyote.

Matengenezo

Teminali iliyowekwa na fundi wa kwanza haikuvutwa. Plastiki yake ilikatwa kwa koleo hadi kila mguu ukasimama peke yake. Bodi ilipashwa kwa chini hadi nyuzi 100 hivi, risasi mpya ya bati 63 na plumbi 37 ikaongezwa juu ya ile ya zamani ili mchanganyiko uyeyuke mapema (ile huyeyuka kwa nyuzi 183, isiyo na plumbi hungoja nyuzi 217 na zaidi), kisha mguu ukatolewa kwa koleo nyembamba bila nguvu. Ukihisi mguu unagoma, acha, risasi haijayeyuka hadi juu. Ncha ya chuma cha kulehemu iwe nene. Ncha ya sindano kwenye shaba pana haipeleki joto, inakupa tu muda mrefu wa kuunguza pete. Risasi iliyobaki tunduni hutolewa kwa utambi wa shaba na flaksi (dawa ya kusafisha shaba wakati wa kulehemu), au pampu ya kunyonya.

Halafu ule weusi. Epoksi iliyoungua hugeuka makaa, na makaa hupitisha umeme. Kuufunika kwa vanishi ni kuficha moto chini ya mkeka. Ulikwanguliwa kwa kisu kidogo mpaka rangi ya FR-4 safi ikaonekana, shimo likajazwa epoksi ya sehemu mbili, likaachwa likauke usiku kucha.

Kurudisha muungano wa juu na chini kuna njia mbili. Ya kwanza ni ribiti ya shaba inayobanwa ndani ya tundu. Ni safi, inafaa tundu la mguu wa kapasita au transista, lakini kwenye umeme mwingi ribiti iliyobanwa bila kulehemiwa vyema pande zote mbili hulegea. Hapa ilichaguliwa ya pili, ambayo haipendezi macho: waya mnene wa shaba wa milimita mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani, umevuliwa plastiki. Matundu matatu mapya ya milimita 1.5 yalitobolewa ndani ya shaba pana, milimita 4 kutoka teminali. Kipande cha waya kilipita kila tundu, kikakunjwa milimita 6 kila upande, kikalala juu ya shaba iliyokwanguliwa koti la kijani, kikalehemiwa. Linganisha: vivuko vyote vinane vilikuwa na shaba ya milimita mraba 0.21 kwa jumla. Waya mmoja tu una 1.5.

Kutoboa kwenyewe kuna adabu yake. Chini ya bodi kuwe na kibao kilichobana sawasawa, la sivyo keekee ikitokea upande wa pili itabandua shaba. Ncha za kabaidi zinazotumiwa viwandani hukatika mkononi ukiyumba kidogo. Kwa keekee ya mkono tumia ncha ya chuma cha kawaida cha kutobolea vyuma, itabutuka baada ya matundu mengi, na hapa ni matatu tu. Vumbi la FR-4 ni kioo: funika pua, na futa kwa kitambaa kibichi badala ya kupuliza kwa mdomo.

Kila kivuko kilipitishiwa uzi mmoja wa shaba wa milimita 0.25 kutoka waya wa nyuzi nyingi, ukakunjwa na kulehemiwa juu na chini. Tundu lililozibwa na risasi ya zamani lifunguliwe kwa utambi, si kwa kusukuma sindano. Teminali mpya ilikuja mwisho. Miguu yake ni ya milimita 1.2 na tundu ni milimita 1.5. Tofauti kama hiyo, ya milimita 0.2 au 0.3, ndiyo inayoacha risasi ipande. Tundu likibana mno risasi hubaki chini, likiwa pana mno hudondoka. Baada ya kulehemu chini, tazama juu kabla ya kuridhika: kwenye tundu zima lenye mrija, risasi inapaswa kupanda angalau robo tatu ya kina, na mara nyingi utaiona imechomoza. Kama juu ni pakavu, mrija haupo au joto halikutosha. Angalizo hilo moja lingeokoa betri ya mwanzo.

Kipimo cha mwisho kwa balbu zile zile: milivoti 0.3 bodi ikiwa baridi, na 0.3 hivyo hivyo kwa nyuzi 80.

Tundu la skurubu

Kulikuwa na jambo jingine pembeni, na ukiwa Lamu huwezi kulipita. Pembe nne za bodi zina matundu ya kufungia ya milimita 3.2 kwa skurubu za M3. Haya hayakupakwa shaba, kwa makusudi, na shaba imewekwa mbali yake ili kichwa cha skurubu kisiguse kitu. Moja lilikuwa limepanuliwa kuingiza skurubu ya M4 yenye washa ya milimita 9. Washa ilikuwa imelala juu ya njia ya hasi, imekwangua koti la kijani, na skurubu inagusa bamba la alumini la kupozea. Kwenye chumba kikavu pengine isingeonekana miaka. Mashuani, shaba, chuma na alumini vikilowa chumvi pamoja ni betri ndogo inayojila yenyewe: alumini ilikuwa na unga mweupe, shaba imeota kijani kwa urefu wa milimita 15. Ilisafishwa kwa maji safi yasiyo na chumvi, kisha spiriti ya isopropili na brashi, ikakauka. Tundu lilipewa bomba dogo la nailoni ndani na washa ya nailoni juu, skurubu ya M3 ya chuma kisichoshika kutu.

Watu huuliza mbona bodi nyingine matundu ya kufungia yana shaba ndani na pete pana, na vivuko vidogo sita au vinane vimeyazunguka. Hayo yameunganishwa na ardhi ya saketi makusudi, na vile vidogo ni akiba iwapo skurubu itasaga mrija mkubwa. Usiweke nailoni pale, umeondoa muungano unaotakiwa. Kabla ya kuamua, pima kati ya pete na hasi.

Aina nyingine hazikuhusika na kisa hiki, ila fundi wa pwani atakutana nazo. Chini ya transista au kidhibiti voti kilicholala bapa kuna vivuko vingi vilivyosongamana ambavyo kazi yake kubwa ni kuteremsha joto. Vikizibwa na uchafu hakuna hasara. Mistari ya vitundu ukingoni, kama ya stempu, ni mahali bodi ilipovunjwa kutoka kwa wenzake. Vile vidude vya Bluetooth vyenye nusu-tundu ukingoni hulehemiwa kwa ubavu. Simu zina vivuko vilivyofichwa kati ya tabaka, visivyotoka nje upande wowote, na hivyo havitengenezeki kwa uzi wa shaba. Na kwenye inveta utaona upenyo mrefu uliochongwa kati ya upande wa voti 240 na upande wa betri. Upenyo huo ni ukuta wa kuzuia umeme mkubwa usitambae juu ya bodi. Ukiukuta umejaa gundi, vumbi au chumvi, usafishe wote. Kamwe usipitishe waya wa kurukia juu yake.

Bodi ya mashua ilipakwa vanishi ya akriliki mikono miwili, teminali na skrubu zake zikiwa zimefunikwa kwa utepe, kisanduku kikatobolewa chini badala ya ubavuni ili mawimbi ya kusi yasiingie. Kati ya betri na kidhibiti hakukuwa na fyuzi kabisa. Iliwekwa ya ampea 25, sentimita 15 kutoka nguzo ya chanya. Siku ya kufunga, saa sita mchana, ampea 15: skrini voti 14.1, nguzo za betri 13.9.